Aliyedhaniwa Vibaya: Aombe Nini, na Asiombe Nini?

 

Mama mmoja alitusubiri nje ya msikiti baada ya darsa ya wanawake. Alikuja na binti yake, na hakutaka kukaa. Shemeji yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na katika msiba ule yeye ndiye aliyeshika daftari la rambirambi kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Matanga yalipokwisha, hesabu ikapungua. Tangu siku hiyo mawifi zake hawali kwake, na watoto wao wamekatazwa kuingia uani kwake. Hakuna aliyemwambia kwa mdomo kwamba yeye ni mwizi. Akiingia mahali wananyamaza, basi. Alikuwa na ombi moja: "Shehe, naomba mnisomee Halbadiri. Aliyechukua aonekane, na hawa wanaonidhania waonekane."

Hatukumsomea, wala hatukumfukuza. Tulimwomba muda. Na kwa kuwa wanaobeba mzigo kama wake ni wengi, wengine wanadhaniwa vibaya na waume, wengine na mabosi wao makazini, wengine na jamaa wa msikiti mmoja, tumeona jibu tuliandike hapa wasome wote.

Haki ya kulalamika

Tuanze na kosa linalofanywa na baadhi yetu sisi wenye kutoa mawaidha. Mtu anapokuja na donge lake, tunamwambia "subiri" kabla hajamaliza kusema. Subira ni jambo kubwa, lakini sheria haikumfunga mdomo aliyedhulumiwa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 148, Allah (S.W.) ameeleza kwamba hapendi maneno mabaya yatangazwe, kisha akamtoa katika katazo hilo mtu aliyedhulumiwa. Ibn Abbas (R.A.) aliifasiri aya hii kwa upande wa dua: haipendezi mtu kumwombea mwenziwe mabaya isipokuwa awe amedhulumiwa, hapo ana ruhusa, na akisubiri ni bora kwake. Hasan al-Basri aliona njia ya katikati, kwamba mdhulumiwa asiombe balaa limshukie mwenziwe, bali amwombe Mola amsaidie dhidi yake na amtolee haki yake kwake. Wote wawili hawakusema kwamba mdhulumiwa anyamaze.

Tena Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal (R.A.) kwenda Yemen, katika usia wake wa mwisho alimtahadharisha na dua ya mdhulumiwa, akamwambia kwamba baina ya dua hiyo na Allah hakuna kizuizi. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Muadh alikuwa anakwenda kama kiongozi na mkusanyaji wa zaka. Ni kawaida yetu kuwasomea hadithi hii waliodhulumiwa ili kuwaliwaza, lakini aliyesomewa kwanza ni mwenye madaraka, ili aogope.

Hata hivyo kabla ya mtu kujiandika katika kundi la waliodhulumiwa, ajihesabu. Yapo mambo tunayaita "kutoeleweka" na ukweli ni kwamba tumeeleweka vizuri sana, ila hatukupenda kilichoonekana. Aliyekopa akakawia kulipa kisha akasemwa kuwa halipi, huyo hakusingiziwa. Dua yake ni istighfari, na kulipa.

Kujieleza hakuondoi tawakkul

Wapo wanaodhani kwamba mcha Mungu akituhumiwa humwachia Mola tu, na kwamba kujitetea ni dalili ya imani dhaifu. Tutazame alivyofanya aliyekuwa mbora wa wenye kutegemea. Mtume (S.A.W.) alikuwa katika itikafu, mkewe Bibi Safiyya (R.A.) akaja kumtembelea usiku. Alipoinuka kumsindikiza, wakapita watu wawili katika Ansari, walipomwona wakaharakisha mwendo. Akawasimamisha, akawajulisha kwamba mwanamke yule ni Safiyya. Wakastaajabu kwamba angeweza kudhaniwa. Naye akawaeleza kwamba shetani hupita ndani ya mwanadamu kama damu inavyopita, na kwamba alichelea asije akawatia kitu nyoyoni. Imam Shafii alieleza kwamba Mtume (S.A.W.) hakujihofia nafsi yake, aliwahofia wale wawili, kwani kumdhania Mtume vibaya kungewaangamiza. Kwa hiyo kumwondolea mwenzio dhana ni kumsaidia yeye pia.

Nabii Yusuf (A.S.) naye, baada ya miaka ya kifungo, alijiwa na mjumbe wa mfalme amtoe. Akakataa kutoka mpaka kwanza iulizwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Imo katika Surat Yusuf, aya ya 50. Alikuwa amekwisha kumwomba Mola wake amwepushe na vitimbi vyao, na dua ilijibiwa zamani, lakini jina lake lilikuwa bado halijasafishwa mbele za watu, na alitaka lisafishwe kwa uchunguzi, si kwa huruma ya mfalme. Alichokiomba kwa Mola hakikumzuia kudai uchunguzi kwa watu.

Mwezi mmoja wa Bibi Aisha

Hakuna kisa katika historia yetu kinachofanana na hali ya yule mama kama kisa cha Ifki, yaani uzushi aliozuliwa Mama wa Waumini Bibi Aisha (R.A.). Wanahistoria wamehitilafiana kama ulikuwa mwaka wa 5 au wa 6 Hijria, katika kurejea kutoka vita vya Banu Mustaliq. Mkufu wake ulipotea, akarudi kuutafuta, msafara ukaondoka ukidhani yumo ndani ya machela yake juu ya ngamia. Safwan bin Muattal (R.A.), aliyekuwa nyuma ya jeshi, akamkuta, akampandisha ngamia wake na kumwongoza mpaka wakawafikia watu. Wanafiki wakapata la kusema, na baadhi ya Waislamu wema wakalichukua wakalipitisha.

Wasomaji wengi wanakijua kisa hiki, kwa hiyo hatutakisimulia chote. Tunataka kutua mahali pawili.

Pa kwanza ni ule mwezi mzima. Bibi Aisha alifika Madina akaugua, na hakujua kinachosemwa. Alichokigundua ni kwamba upole aliouzoea kwa Mtume (S.A.W.) kila anapougua haukuwapo. Aliingia, akasalimu, akauliza hali, akatoka. Anayedhaniwa vibaya huanza kujua hivi, kwa kitu kilichopungua kabla ya neno lolote kusemwa. Alipokuja kuambiwa na mama yake Mistah, aliomba ruhusa ya kwenda kwa wazazi wake ahakikishe habari, akalia mpaka akadhani kilio kitampasua ini.

Pa pili ni maneno yake Mtume (S.A.W.) alipokuja akaketi naye na kumtaka aseme. Aliwataka wazazi wake wamjibie, na kila mmoja akasema hajui la kusema. Ndipo yeye, naye ni msichana mdogo kama anavyojieleza mwenyewe, akasema jambo ambalo kila aliyewahi kutuhumiwa analijua: akisema kwamba hana hatia hawatamsadiki, na akikiri jambo ambalo Allah anajua kwamba hakulitenda, watamsadiki. Hakutafuta hoja zaidi. Akajifananisha na baba yake Yusuf katika subira njema na kumtaka Allah msaada, kisha akageuka akajilaza. Alisema "baba yake Yusuf" kwa sababu, kama baadhi ya riwaya zinavyoeleza, jina la Yaaqub lilimtoka wakati ule. Tunalipenda sana jambo hili dogo. Huzuni ilikuwa kubwa hata jina likasahaulika, lakini dua haikusahaulika.

Anasimulia kwamba alikuwa na yakini Allah atamtakasa, ila hakudhani kwamba itateremshwa kwa ajili yake Qur'ani itakayosomwa. Alitaraji labda Mtume (S.A.W.) ataoneshwa ndoto. Zikateremka aya za Suratun Nur kuanzia ya 11. Mama yake alipomwambia ainuke amwendee Mtume, alisema hatamshukuru ila Allah. Wanazuoni wameliona hili kuwa ni neno la mwenye machungu ambaye anadekea kwa anayempenda, na hakuna aliyemlaumu.

Tazama pia jinsi Allah (S.W.) alivyomalizia jambo hili upande wa pili. Abu Bakr (R.A.) aliapa kutompa tena matumizi Mistah, jamaa yake fukara aliyeshiriki katika uzushi ule. Ikateremka aya ya 22 ya sura hiyohiyo ikiwahimiza wenye uwezo wasamehe na waachilie. Abu Bakr akamrudishia matumizi. Lakini hukumu ya kuchapwa viboko themanini kwa aliyemsingizia zina mwanamke mtakatifu, iliyomo katika aya ya 4, haikufutwa na msamaha ule. Msamaha wa moyo una mahali pake na haki ya sheria ina mahali pake.

Dua zenyewe

Sasa tuje kwenye kinachoombwa. Mdhulumiwa anaweza kumwomba Mola wake kwa lugha yoyote na kwa maneno yoyote mema. Yaliyopokewa ndiyo bora zaidi, nayo si mengi ya kumchosha.

La kwanza tunalolipa uzito kuliko yote ni ile dua ya kutoka nyumbani. Bibi Ummu Salama (R.A.) ameeleza kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kutoka nyumbani kwake ila aliinua macho mbinguni akaisoma. Ameipokea Abu Dawud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah, na Tirmidhi amesema ni hasan sahihi. Wengi wanaijua kwa moyo tangu chuoni, lakini huisoma kama ada ya mlangoni. Angalia maana yake. Mja anaomba kinga asipotee wala asipotezwe, asiteleze wala asitelezeshwe, asidhulumu wala asidhulumiwe, asimfanyie mtu ujinga wala asifanyiwe ujinga. Kila ombi lina pande mbili, na upande unaotajwa kwanza ni ule wa yeye kuwafanyia watu. Anayetoka nyumbani akiogopa ndimi za watu anafundishwa amwogope kwanza yule anayetoka naye, yaani nafsi yake.

Nasi hatuko mbali na hili. Mzee mmoja wa safu ya mbele tulimhesabu kwa miaka miwili kuwa ana kiburi, kwa sababu kila tukimsalimu hatuitikii. Siku moja mwanawe akatwambia tumpitie upande wa kulia, kwani sikio la kushoto halisikii tangu alipougua. Miaka miwili yote tulikuwa tukisoma dua ya kutoka nyumbani!

Nyingine ni ile iliyopokewa na Abu Dawud kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), ambayo Mtume (S.A.W.) aliisoma alipowahofia watu: anamwomba Allah asimame dhidi yao vifuani mwao, na anajikinga Kwake na shari zao. Hii inamfaa anayekwenda kwenye kikao ambacho anajua kimekwisha kumhukumu kabla hajafika. Kisha kuna "Hasbunallah" kwa ukamilifu wake, ambayo Ibn Abbas (R.A.) amesema, kama ilivyo katika Bukhari, kwamba Nabii Ibrahim (A.S.) aliisema alipotupwa motoni, na Mtume Muhammad (S.A.W.) aliisema Waislamu walipoambiwa kwamba watu wamewakusanyikia. Siku hizi imekuwa neno la kumtupia mtu usoni katika ugomvi, kama jiwe. Asili yake ni neno la kumwegemea Allah, na walioambiwa hivyo katika Aali Imran, aya ya 173, walitoka wakaenda walikotakiwa kwenda, majeraha ya Uhud yangali mabichi.

Na kuna moja ambayo watu hawaikumbuki kabisa. Imam Bukhari katika Al-Adab al-Mufrad amepokea kwamba mmoja katika Maswahaba alikuwa akisifiwa humwomba Allah asimchukulie kwa wanayoyasema na amsamehe wasiyoyajua. Kwani kusifiwa kwa wema usio nao ni kudhaniwa visivyo vilevile, na bado hatujamwona mtu aliyekuja kwetu akilia kwamba watu wanamdhania wema kuliko alivyo.

Kumwombea mabaya aliyekudhania

Hapa ndipo swali la yule mama lilipo. Imam Nawawi katika kitabu chake Al-Adhkar ameweka mlango mahsusi wa kujuzu mtu kumwombea dhidi ya aliyewadhulumu Waislamu au aliyemdhulumu yeye peke yake, na akataja humo visa vya Saad bin Abi Waqqas na Said bin Zaid (R.A.). Visa hivi viwili ndivyo vinavyotupa mipaka.

Saad alikuwa gavana wa Kufa. Watu wa Kufa wakamshitaki kwa Umar bin Khattab (R.A.) kwenye mwaka wa 20 au 21 Hijria, na mashitaka yakafika mpaka kusema hajui kusalisha. Huyu ni mtu aliyejifunza sala kwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe! Umar akamwita, akamuuliza. Saad akaeleza anavyosalisha, kwamba hurefusha rakaa mbili za mwanzo na kufupisha mbili za mwisho kama alivyoona kwa Mtume. Umar akamwambia hiyo ndiyo dhana yake juu yake. Hakutosheka na dhana yake njema, akatuma watu waulize Kufa msikiti kwa msikiti. Kila msikiti wakamsifu, mpaka walipofika msikiti wa Banu Abs. Hapo akasimama Usama bin Qatada, akasema kwamba Saad hatoki na jeshi, hagawi kwa usawa, na hahukumu kwa uadilifu. Saad akaomba mambo matatu, lakini akatanguliza sharti: ikiwa mtu huyu ni mwongo na amesimama kwa ria na kutaka sifa, basi Allah amrefushie umri, amrefushie ufukara, na amtie katika fitna. Mtu yule aliishi mpaka nyusi zikamwangukia machoni kwa uzee, naye akiwasumbua wasichana njiani, na akiulizwa husema kwamba dua ya Saad imempata.

Ibn Hajar katika Fat-hul Bari ameona mizani ndani yake: tuhuma tatu, na maombi matatu. Na hili la sharti ndilo tunalotaka msomaji alishike. Saad alikuwa anajijua kwamba hana hatia. Tena Mtume (S.A.W.) alikuwa amemwombea dua zake zijibiwe. Pamoja na hayo hakusema "mwangamize". Alisema "ikiwa ni mwongo". Aliacha mlango kwamba huenda mtu yule amekosea, hakudanganya.

Said bin Zaid naye alishitakiwa na mwanamke aitwaye Arwa bint Uwais mbele ya Marwan bin Hakam, kwamba amechukua sehemu ya ardhi yake. Akashangaa angewezaje kufanya hivyo naye amemsikia Mtume (S.A.W.) akitaja adhabu ya anayechukua shubiri ya ardhi kwa dhulma. Akamwombea dhidi yake, na yeye pia kwa sharti: ikiwa ni mwongo, apofuke na afe katika ardhi yake. Ikawa hivyo, alipofuka, akatumbukia shimoni humohumo akafa. Wawili hawa ni miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo, na wote wawili hawakuthubutu kuomba bila ya "ikiwa".

Wanazuoni wameongeza mipaka mingine. Asiombe zaidi ya kadiri ya dhulma. Asiwaingize wasiohusika, kama watoto wa mtu. Wengi wamekataza kumwombea Mwislamu atoke katika dini au atende maasi, ingawa ombi la Saad la fitna limeleta mjadala ambao hatutauingia leo. Na aliye mkali kuliko wote juu ya jambo hili ni Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Abu Dawud amepokea kwamba Bibi Aisha aliibiwa kitu, akawa anamwapiza mwizi, Mtume akamkataza asimpunguzie mwizi yule mzigo wake. Yaani kila unapomlaani unajilipa kidogo, na deni lake kwako Siku ya Kiyama linashuka.

Tuje kwenye Halbadiri. Wasomaji wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa ni nini: husomwa majina ya Maswahaba waliopigana Badri mwaka wa 2 Hijria, kwa nia ya kumfichua au kumdhuru mwizi au msingiziaji asiyejulikana. Katika suala la kutawassali kwa majina ya watu wema wanazuoni wana khilafu ya zamani, na hatukukusudia kuifungua hapa. Kinachotutisha ni kinachofuata baada ya kisomo. Tumeona nyumba ambamo imesomwa, na baada ya miezi mitatu mzee mmoja akapooza upande. Hakuna aliyeuliza habari ya presha yake ya miaka. Mtaa mzima ulisema, "Alaa, kumbe ni yeye." Mzee akafa na jina la wizi, na wajukuu wamelirithi. Aliyekuwa amedhaniwa bila ya ushahidi akawa amemzaa mwingine anayedhaniwa bila ya ushahidi. Maswahaba waliomba dhidi ya mtu aliyesimama mbele yao akasema neno, tena kwa sharti. Sisi tunarusha mshale gizani, kisha asubuhi tunakwenda kutazama nani ana jeraha.

Imam Bukhari na dua ya kufa

Tutaje kisa kimoja zaidi, kwa kuwa wapo wanaofikishwa na dhana za watu mahali pa hatari. Imam Bukhari aliingia Nishapur mwaka 250 Hijria akapokewa kwa shangwe. Kisha akaulizwa juu ya utamkaji wa Qur'ani, suala lililokuwa moto wakati ule. Jibu lake lilikuwa na upambanuzi mwembamba baina ya Qur'ani, ambayo haikuumbwa, na vitendo vya waja, ambavyo vimeumbwa. Wengine wakalichukua sivyo. Muhammad bin Yahya adh-Dhuhli, mwanachuoni mkubwa wa mji, akawazuia watu wasimwendee. Akaondoka Nishapur, na Bukhara kwao hakupata utulivu kwa sababu ya amiri wake. Akaishia katika kijiji cha Khartank karibu na Samarkand, ambako baada ya sala ya usiku alisikiwa akimlalamikia Mola wake kwamba ardhi pamoja na upana wake imemdhikia, na akaomba achukuliwe. Alifariki usiku wa kuamkia Idi ya mwaka 256 Hijria, akiwa na umri wa miaka 62.

Na huyuhuyu Bukhari ndiye aliyeandika katika Sahihi yake hadithi ya Anas (R.A.) inayokataza mtu kutamani mauti kwa ajili ya dhara lililompata, na inayomfundisha, akiwa hana budi, aombe uhai madhali uhai una kheri kwake. Wanazuoni wameieleza dua yake kuwa ni kuhofia fitna katika dini, jambo lililo nje ya katazo hilo. Kwa watu wa kawaida kama sisi asili ni katazo. Aliyefikwa na mawazo ya kutaka kufa kwa sababu ya kusemwa, asikae peke yake na dua hiyo usiku. Amwambie mtu, na aendwe hospitali kama inavyoendewa homa.

Lakini kinachotushangaza zaidi kwa Bukhari ni kingine. Hadithi alizozisikia kwa Dhuhli hakuzitupa. Zimo katika Sahihi, akimtaja mara kwa jina lake la Muhammad tu, mara kwa kumnasibisha na babu. Alimhukumu yule aliyemhukumu kwa ukweli wa mapokezi yake, akaacha ugomvi nje ya kitabu.

Jibu tulilompa mama

Alipokuja tena tulimweleza haya kwa ufupi, na tukaongeza la fiqhi ambalo jamaa zake hawakulijua. Kanuni, kama ilivyo katika hadithi ya 33 ya Arbaini ya Imam Nawawi, ni kwamba ushahidi ni juu ya anayedai, na kiapo ni juu ya anayekanusha. Na aliyeshika mali ya watu kwa amana, kwa mafaqihi wa Kishafii kauli yake hukubaliwa kwa kiapo chake, madhali haikuthibiti kwamba amezembea au amefanya khiyana. Kwa hiyo yeye hakudaiwa alete mwizi. Walichokuwa na haki nacho mawifi zake ni kuitazama hesabu na kumtaka aape. Kunyamaza anapoingia hakumo katika kanuni yoyote.

Tuliwaita. Kikao kilikuwa baada ya Isha, nyumbani kwa kaka mkubwa wa marehemu. Daftari lilisomwa ukurasa kwa ukurasa, na ikaonekana kwamba siku ya tatu ya msiba fedha zilipokewa na watu watatu tofauti, na wawili hawakuandika. Mama akaapa. Mawifi wawili wakampa mkono, mmoja wao akilia. Wa tatu hakuja, na alituma neno kwamba yeye anajua anachokijua.

Tulipotoka nje mama alituuliza kama ile dua ya Saad, yenye "ikiwa", anaruhusiwa kumsomea huyo wa tatu. Tulimwambia anaruhusiwa. Akafunga mtandio wake, akasema atafikiri.